Hasira na Kukiri Kosa Katika Huduma za Afya

Hasira huhesabiwa kuwa suala la tabia, na kosa la kazi huhesabiwa kuwa suala la nidhamu. Kwa hiyo mambo haya mawili hufundishwa mbalimbali, ikiwa hufundishwa kabisa. Hata hivyo, wodini na kliniki aghalabu huja yameongozana. Aliyekosea mara nyingi hukasirika upesi kuliko aliyekosewa, na hasira yake hufanya kazi moja kubwa: humzuia mwingine asiendelee kuuliza. Makala haya yanaitazama hasira ya namna hiyo, ile inayotumika kama ngao ya kujikinga na kosa la mtu mwenyewe, kwa mhudumu wa afya na kwa mgonjwa pia.

Uchukuliwe mfano wa mgonjwa wa kisukari aliyechomwa insulini ya kawaida saa kumi na mbili jioni, lakini aliyemchoma hakuandika kwenye chati. Zamu inabadilika. Muuguzi anayeingia anaona nafasi iliyo wazi, naye anamchoma tena. Muda mfupi baadaye anaingiwa na shaka, anamfuata mwenzake anayejiandaa kuondoka na kumwuliza kama dozi ya jioni ilikuwa imetolewa. Jibu linakuja kwa ukali: “Umekuja kunifundisha kazi?” Mazungumzo yanakatika. Hapa pana makosa mawili, la asiyeandika na la asiyeuliza kabla ya kuchoma, na hasira imeyafunika yote mawili kwa pamoja. Ilhali insulini haisubiri watu wapatane: huanza kufanya kazi katika muda wa nusu saa hivi, na nguvu yake hufikia kilele kati ya saa 2 na saa 4. Jambo hili likisemwa mara moja, mgonjwa hupewa kitu chenye sukari, daktari huitwa, na sukari ya damu hupimwa kila baada ya muda mfupi hadi asubuhi. Likinyamaziwa, mgonjwa anaweza kuzama katika usingizi ambao walio karibu naye watauona kuwa wa kawaida.

Kwa sababu hiyo, kukiri kosa si suala la uungwana peke yake. Ni taarifa ya tiba, sawa na kipimo cha damu au historia ya mzio.

Hasira mwilini

Hasira huanza kabla ya fikra kukamilika. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupokea ishara ya hatari na kuuamsha mwili; tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, presha hupanda, misuli hukaza. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuuzuia ulimi, huhitaji muda kidogo zaidi ili kuingilia kati. Amigdala haitofautishi vizuri kati ya kisu na aibu. Kuulizwa mbele ya watu “Nani alimpa dawa hii?” kunaweza kuamsha mwili kwa namna ileile ambayo ungeamshwa na nyoka mlangoni.

Kwa mtu mwenye moyo mzima msukosuko huo hupita. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa mambo ni tofauti. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kwamba, katika saa 2 zinazofuata mlipuko wa hasira, uwezekano wa kupata shambulio la moyo huongezeka karibu mara 5. Uwezekano huo kwa tukio moja bado ni mdogo, lakini mtu anayelipuka kila siku huurudia kila siku.

Lipo wazo lililoenea kwamba hasira ni kama mvuke, usipotolewa utapasua chungu. Basi heri mtu apige kelele, avunje kitu, roho itulie. Ushahidi hauliungi mkono. Uchambuzi wa tafiti 154 uliochapishwa mwaka 2024 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, ulionesha kwamba mambo yanayoutuliza mwili, kama kupumua polepole na kulegeza misuli, hupunguza hasira. Yale yanayouchochea mwili hayapunguzi, na kukimbia, pamoja na faida zake zote kwa moyo, kulielekea kuiongeza. Wala kuimeza hasira huku uso ukitabasamu si dawa. Uso hutulia, lakini moyo na mishipa huendelea na kazi ileile ya hatari. Kinachosaidia zaidi ni kulitazama upya jambo lenyewe: anayeuliza kuhusu dozi huenda hashambulii, huenda anaogopa.

Kwa vitendo, mhudumu anayehisi joto likipanda kifuani anaweza kushusha sauti kwa makusudi, kuvuta pumzi na kuitoa polepole kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, na kuketi. Kuketi si jambo jipya kwa wasomaji wengi. Waislamu huyafahamu mafundisho ya Mtume kwamba mwenye kughadhibika akiwa amesimama na aketi. Hali ya mgonjwa ikiruhusu, dakika chache nje ya chumba hazipotezi kitu. Kisha liulizwe swali moja la kimyakimya: “Hapa ninaogopa nini kijulikane?” Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo kosa lenyewe.

Tahadhari moja ni ya lazima. Si kila hasira ni tabia. Mgonjwa mpole aliyegeuka mkali kwa ghafla huenda sukari yake imeshuka, hasa akiwa anatumia insulini. Huenda ana homa iliyovuruga fahamu, amegonga kichwa, amekosa hewa ya oksijeni, au ameacha pombe ghafla baada ya miaka mingi ya kunywa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi humfanya mtu awe na hasira za karibu, na sonona, hasa kwa wanaume, inaweza kujitokeza kwa ukali kuliko kwa machozi. Mgonjwa wa namna hiyo hupimwa kwanza, mawaidha yatasubiri.

Kliniki mbili za Vienna

Historia ya tiba ina kisa kinachoonesha kwa uwazi wa kutisha jinsi hasira na kosa vinavyoweza kuchukuana. Hospitali Kuu ya Vienna, katika miaka ya 1840, ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Katika ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari, katika ya pili wakunga. Kati ya mwaka 1841 na 1846, wanawake wapatao 10 katika kila 100 walifariki katika kliniki ya kwanza, wengi wao kwa homa ya uzazi. Katika ya pili walikuwa chini ya 4. Wanawake wa mjini walilijua jambo hilo, na walilia wakiomba wasipelekwe ya kwanza.

Daktari Ignaz Semmelweis, mzaliwa wa Buda, alipata ufumbuzi baada ya rafiki yake Jakob Kolletschka kufariki Machi 1847 kutokana na jeraha la kisu alilolipata wakati wa kupasua maiti. Maradhi yaliyomwua yalifanana na ya wazazi. Semmelweis akaelewa kwamba wanafunzi na madaktari walikuwa wakitoka kwenye chumba cha maiti na kuwapima wajawazito kwa mikono ileile. Katikati ya Mei aliamuru kila mtu anawe kwa maji yenye klorini. Aprili walikuwa wamefariki zaidi ya 18 katika kila 100. Julai walifariki 1 hivi.

Maana ya takwimu hizo ilikuwa nzito. Kusema kwamba kunawa kunaokoa kulikuwa ni kusema kwamba madaktari, kwa mikono yao na kwa nia njema, walikuwa wakiua. Yupo aliyelibeba hilo peke yake: Gustav Michaelis, daktari wa uzazi wa Kiel, Ujerumani, aliukubali ugunduzi huo, akaanzisha unawaji, kisha akamkumbuka jamaa yake wa kike aliyemzalisha na ambaye alifariki kwa homa hiyo. Mwaka 1848 alijitoa uhai. Wengi wa wakubwa wa taaluma, kwa upande wao, walikataa. Walikuwa na hoja za kisayansi pia, kwa kuwa vijidudu havikuwa vimethibitishwa na Semmelweis alichelewa mno kuandika. Lakini ni vigumu kuamini kwamba fahari iliyojeruhiwa haikuwa na sehemu.

Semmelweis mwenyewe alikiri. Katika kitabu chake cha mwaka 1861 aliandika wazi kwamba na yeye, aliyepasua maiti wengi kuliko wengine, aliwapeleka kaburini wanawake asioweza kuwahesabu. Ukiri huo ni miongoni mwa mambo makubwa katika maandishi ya tiba. Lakini alipopingwa aliandika barua za wazi kwa maprofesa, akiwemo Friedrich Scanzoni wa Würzburg, akiwaita wauaji. Alikuwa na haki ya kukasirika, na alikuwa na ukweli. Ila matusi yaliwapa wapinzani wake kitu kingine cha kujibu badala ya takwimu. Alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Vienna, akiwa na umri wa miaka 47.

Kisa cha Michaelis hakipaswi kupitwa haraka. Mwaka 2000 daktari Albert Wu wa Marekani alimwita mhudumu aliyekosea “mhanga wa pili”, kwa maana kwamba baada ya mgonjwa, yeye naye huumia. Asiyelala, asiyekula, anayerudia tukio kichwani usiku na mchana, anahitaji mwenzake wa kuketi naye, na pengine msaada wa mtaalamu wa afya ya akili. Anayezungumzia kufa asiachwe peke yake hata kidogo.

Maneno ya kukiri

Kiswahili kina kauli ya kutendeka, nayo imekuwa kimbilio wodini. “Dawa zilichanganyika.” “Chati ilipotea.” “Mgonjwa alisahaulika.” Katika sentensi hizo hakuna mtu. Ukiri wa kweli huanza pale mtendaji anaporudishwa ndani ya sentensi: “Nilichanganya dawa.” “Hatukukuandikia.” Ni badiliko dogo la sarufi, lakini ndilo gumu kuliko yote.

Mbele ya mgonjwa, maneno yawe machache na ya wazi. Mathalani: “Mama, nina jambo la kukueleza kuhusu dawa uliyopewa asubuhi. Tulikupa dawa ya mgonjwa mwingine. Kosa ni letu, na tunakuomba radhi. Inaweza kushusha presha, kwa hiyo tutakupima kila baada ya nusu saa, na daktari anakuja kukuona. Ukisikia kizunguzungu tuite mara moja.” Baada ya hapo anyamaze, amwache mama aulize, na hata akasirike. Yafaa kuepuka “samahani, lakini wodi ilikuwa imejaa”. Wodi inaweza kuwa ilijaa kweli, muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wengi kupita kiasi; hilo liandikwe kwenye taarifa ya tukio na lifikishwe kwa uongozi, maana uongozi nao una sehemu yake ya kukiri. Mgonjwa hakuja kusikiliza hilo kwanza.

Hofu ya kushtakiwa ni halisi. Hata hivyo, hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, zilizoanza mwaka 2001 mpango wa kuwaeleza wagonjwa makosa, kuomba radhi na kufidia panapostahili, ziliona madai yakipungua badala ya kuongezeka. Sheria za nchi hutofautiana, na kila mhudumu afuate utaratibu wa kituo chake.

Viongozi wa wodi wana nafasi ya pekee hapa. Mkuu anayemfokea kijana mbele ya wagonjwa hudhani ameondoa makosa. Kwa hakika ameondoa taarifa za makosa. Makosa yenyewe yatabaki, na safari ijayo atayasikia kwa ndugu wa marehemu.

Kwa upande wa mgonjwa

Mgonjwa naye ana ngao yake. Baba mwenye presha aliyeacha vidonge kwa wiki tatu huulizwa kliniki kama anameza dawa, naye huja juu: “Ninyi dawa zenu hazifanyi kazi!” Daktari, akiamini dawa zimeshindwa, huongeza dozi au huongeza dawa ya pili. Siku baba huyo atakapolazwa na kumezeshwa zote kwa wakati, presha inaweza kushuka ghafla akaanguka. Katika kifua kikuu uficho wa namna hiyo una hatari nyingine, kwani dozi zinazorukwa hukaribisha vimelea sugu, na familia nzima huweza kuambukizwa ugonjwa mgumu zaidi.

Si haki kuiweka lawama yote kwa mgonjwa. Wengi walijifunza kudanganya baada ya kusema kweli mara moja na kufokewa. Swali likiulizwa vingine, jibu hubadilika. “Unameza dawa?” huita “ndiyo”. “Watu wengi husahau au huishiwa dawa, kwako, wiki iliyopita zilikupita siku ngapi?” humpa mtu nafasi ya kujibu bila kuaibika.

Mgonjwa mwenye malalamiko ya haki, aliyesubiri tangu alfajiri au aliyepewa dawa isiyo yake, hatakiwi kuinyamazia hasira yake. Aulize kwa jina la jambo lenyewe: alipewa nini, saa ngapi, na nani wa kumweleza. Asipojibiwa, aende kwa mganga mfawidhi au dawati la malalamiko. Na kwa yale yaliyo mikononi mwake mwenyewe, aje kliniki na vidonge vyote vilivyobaki katika pakiti zake, aviweke mezani kabla ya kuulizwa, ili yeye na daktari wavihesabu pamoja.