Gurudumu la Baiskeli ya Mbio na Mfuko Mdogo

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, nayo yalikuwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Magurudumu yaliyoonekana huko, yenye rimu nene za nyuzi za kaboni na spoki chache, yalipendeza macho. Kijana mwenye baiskeli ya mbio iliyokwisha tumika, aliyejiwekea akiba kidogo kidogo, huvutiwa kununua yanayofanana nayo. Swali linalomkabili ni la mekanika, na lafaa kujadiliwa darasani kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Jambo la kwanza la kueleweka ni jinsi gurudumu linavyobeba mzigo. Spoki ni waya wa chuma wenye unene wa milimita 2 hivi. Mtu akiusimamisha waya huo mezani na kuukandamiza kwa kiganja, utapinda mara moja. Hata hivyo, spoki za gurudumu la nyuma hubeba zaidi ya nusu ya uzito wa mpandaji na baiskeli yake. Wengi hujibu kwamba kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu, kimening'inia kwenye spoki za juu kama ndoo kwenye kamba. Jibu hilo lavutia, lakini vipimo havilikubali.

Siri ni kwamba spoki zote zimekwisha kuvutwa na fundi kabla gurudumu halijabeba kitu chochote, na katika gurudumu lililofungwa vizuri mvuto wa spoki moja waweza kufikia nyutoni 1,000. Mzigo unapowekwa, ardhi huisukuma rimu kwenda juu pale inapogusana nayo, na spoki chache za chini hulegea kidogo. Zile za juu karibu hazibadiliki. Kwa hiyo kitovu huendelea kuvutwa juu kwa kani ile ile ya awali, huku kikivutwa chini kwa kani iliyopungua, na tofauti hiyo ndiyo inayoubeba mzigo. Wazo la gurudumu la nyaya zilizovutwa si geni: Mwingereza George Cayley alilibuni mwaka 1808, naye alikuwa akifikiria chombo cha kuruka angani, wala si baiskeli.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili bila ya chombo chochote cha maabara. Spoki ikipigwa kwa ukucha hulia kama uzi wa gitaa. Mwanafunzi mmoja na aketi juu ya baiskeli, na mwingine aipige spoki iliyo chini kabisa kabla na baada ya mwenzake kuketi. Sauti itashuka. Ile ya spoki ya juu itabaki karibu vile vile. Kwa kuwa idadi ya mitetemo kwa sekunde hufuata kipeuo cha pili cha mvuto, mitetemo ikipungua hadi 9/10 ya awali, mvuto umeshuka hadi 81/100.

Kulegea na kukaza huku hurudiwa kila gurudumu linapozunguka, yaani zaidi ya mara 470 katika kila kilomita. Metali huchoka kwa mabadiliko ya namna hiyo, na ndiyo maana spoki hukatika mara nyingi kwenye kipindo chake karibu na kitovu, hata siku ambayo mpandaji hakuanguka shimoni. Gurudumu lenye spoki 32 hugawa mabadiliko hayo kwa spoki nyingi zaidi kuliko lenye 20. Tena, ikikatika moja kati ya 32, rimu hupinda kidogo na mpandaji aweza kurudi nyumbani polepole. Ikikatika moja kati ya 20, rimu huweza kupinda hadi ikagusa breki au fremu. Spoki za kawaida zenye kipindo hupatikana kwa fundi wa mtaani, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu zile za umbo la pekee.

Muuzaji atajibu kwamba rimu nyepesi huongeza kasi, kwani uzito wa pembeni mwa gurudumu huhesabiwa mara mbili. Ni kweli, kwa kuwa rimu husonga mbele na papo hapo huzunguka. Lakini hesabu na ifanywe. Mpandaji na baiskeli yake wana kilo 75, na mwendo ni kilomita 30 kwa saa. Nishati mwendo yao ni jouli 2,600 hivi. Gramu 400 zikiondolewa kwenye rimu mbili, hata zikihesabiwa mara mbili, huokoa jouli 28, karibu asilimia 1 tu. Katika kupanda kilima cha meta 100, kazi inayohitajika ni jouli 73,500, na gramu hizo hupunguza chini ya 400. Rimu nene nazo hupasua hewa vizuri zaidi, lakini sehemu kubwa ya ukinzani wa hewa hutokana na mwili wa mpandaji mwenyewe, na kuinamisha mgongo hakuuzwi dukani.

Tairi lina mchango mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Tairi gumu la bei ya chini laweza kuwa na kizigeu cha ukinzani wa kubiringika cha 0.007, na tairi jema 0.004. Kwa uzito ule ule wa nyutoni 735, tofauti ni nyutoni 2.2, sawa na wati 18 katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kwa kijana anayetoa wati 150, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya jasho lake. Fedha zikibaki baada ya kununua rimu ya alumini na spoki 32, ziende kwenye matairi, na kiasi kwa fundi atakayesawazisha mvuto wa spoki.

Namba 28 iliyoandikwa kwenye tairi isiaminiwe peke yake. Baiskeli nyingi za mizigo zina rimu ya milimita 635, na za mbio 622, ingawa zote mbili huitwa 28.

Kwa breki zinazobana rimu, zile jouli 73,500 za kilima zapaswa kuzingatiwa tena wakati wa kushuka: nyingi ya hizo ambazo hazichukuliwi na hewa hugeuka joto kwenye rimu. Alumini hulisambaza joto hilo haraka, bali gundi inayoshika nyuzi za kaboni katika rimu za bei rahisi yaweza kulainika. Rimu ya alumini iliyotumika nayo huliwa na breki. Ukingo wa rula ukiwekwa kwenye ubavu wake na mwanga ukapita katikati, ubavu umekwisha kuwa mwembamba. Rimu hiyo haifai hata kwa nusu ya bei, kwa sababu hewa ya tairi huisukuma kutoka ndani, nayo huweza kupasuka breki zinapokamatwa kwa nguvu mteremkoni.