Kufundisha Ukaguzi wa Injini ya Ndege Ndogo

Watoto wa Kibiti na delta ya Rufiji huijua injini ya mashua. Ni wachache waliowahi kuikaribia ya ndege. Hata hivyo, delta yao imo katika historia ya urubani. Novemba 1914 rubani Mwingereza, H. Dennis Cutler, akiendesha ndege ya majini ya Curtiss, aliigundua manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha humo. Desemba injini ilimharibikia. Akashuka mtoni, akatekwa. Hatudai kwamba ukaguzi ungemwokoa. Twataka mwanafunzi atambue kwamba angani hakuna pa kuegesha.

Lengo: Mwanafunzi aeleze kila ukaguzi unauliza swali gani, na jibu lipi humzuia rubani kuruka.

Hatua ya 1: Mafuta. Mwalimu atie mafuta ya taa na maji katika chupa nyeupe. Maji yatakaa chini. Ndiyo maana rubani hukinga mafuta kutoka chini ya tangi kabla ya kuwasha injini. Akiona maji, huyatoa mpaka yaishe.

Hatua ya 2: Oili. Injini ikishawaka, presha ya oili isipopanda katika nusu dakika hivi, rubani huizima mara moja. Vyuma visivyo na oili husagana.

Hatua ya 3: Magneto. Hapa tukae zaidi. Kila silinda ina plagi mbili, na kila moja hupata cheche kutoka magneto yake. Katika Cessna 172N, injini huendeshwa kwa mizunguko 1,700 kwa dakika, kisha magneto moja huzimwa. Mizunguko hupungua, upungufu usizidi 125, na tofauti baina ya magneto mbili isizidi 50.

Tuwaulize wanafunzi: mizunguko isipopungua kabisa, je, ni vyema? Wengi watajibu ndiyo. Tusiwasahihishe upesi. Wawili washike mpini wa ndoo yenye mchanga kiasi, mmoja aambiwe aachie. Ndoo isipoyumba, basi hakuachia. Vivyo hivyo, magneto iliyozimwa huenda ingali inatoa cheche. Mtu akiizungusha rafadha kwa mkono akidhani injini imezimwa, yaweza kuwaka na kumwua.

Zoezi: Wanafunzi watunge orodha ya ukaguzi wa injini ya mashua kabla ya safari. Kando ya kila swali waandike jibu litakalowafanya wabaki pwani. Aliyekariri hatua peke yake bado hajajifunza. Aliyelijua jibu la hatari ndiye aliyefuzu.