Kati ya Kadi na Kidonge: Somo la Madai ya Bima ya Afya kwa Zahanati ya Kijijini

Utangulizi

Kata ya Tindiga imo katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, kwenye bonde ambalo maji huleta rutuba na mara nyingine huleta mafuriko. Wakazi wake wengi huishi kwa kilimo cha mpunga na mahindi. Fedha huingia nyumbani baada ya mavuno, lakini homa na kichomi havisubiri mavuno. Hapo ndipo thamani ya bima ya afya inapoonekana: mchango hutolewa wakati fedha ipo, na huduma hupatikana hata wakati fedha haipo.

Hata hivyo, kadi pekee haimtibu mtu. Kituo hutoa dawa leo kwa kutumaini kwamba mfuko wa bima utairudisha gharama yake kesho. Gharama hiyo hairudi kwa huruma, bali kwa maandishi. Fomu ikijazwa vibaya, dai hukatwa. Dai likikatwa, fedha ya kununulia dawa hupungua. Na mgonjwa anayefuata, ambaye hakuhusika na kosa lolote, huambiwa akanunue dawa dukani. Kwa sababu hiyo, ujazaji wa madai ni sehemu ya tiba yenyewe.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mhudumu wa afya ataweza kueleza hatua za dai, kutambua makosa yanayosababisha dai kukatwa, na kulinganisha utambuzi wa ugonjwa na dawa iliyotolewa. Mgonjwa naye atafahamu haki na wajibu wake tangu anapotoa kadi hadi anapoweka sahihi.

Bima zinazokutana katika benchi moja

Tanzania ilianza uchangiaji wa gharama za matibabu katika huduma za umma mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, unaojulikana kwa kifupi kama CHF, ulijaribiwa katika Wilaya ya Igunga, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukiwahudumia kwanza watumishi wa umma. Mchango wa mtumishi ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitolewa na mwajiri na nusu na mtumishi mwenyewe.

Mwaka 2018 ilianzishwa CHF iliyoboreshwa, ambayo kwa shilingi 30,000 kwa mwaka iliihudumia kaya ya watu wasiozidi 6, kuanzia ngazi ya zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kisha, mwezi Novemba 2023, Bunge lilipitisha muswada uliozaa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye lengo la kumfikisha kila mkazi katika mfumo wa bima.

Kwa hiyo, katika benchi moja la zahanati anaweza kuketi mwalimu mwenye kadi ya NHIF, mkulima mwenye CHF, mzee mwenye msamaha, na kijana anayelipa fedha taslimu. Ugonjwa wao unaweza kuwa mmoja, lakini njia ya malipo si moja. Swali la kwanza mapokezi ni hili: mgonjwa huyu analipiwa na nani, na kwa utaratibu upi?

Hatua sita za dai

1. Uhakiki. Mhudumu wa mapokezi hulinganisha kadi na mtu aliyeileta, kisha huthibitisha katika mfumo kwamba uanachama uko hai. Jina na namba huandikwa kama zilivyo kwenye kadi, si kama mgonjwa anavyoitwa kijijini.

2. Kumbukumbu ya tiba. Tabibu huandika malalamiko, matokeo ya uchunguzi, vipimo, utambuzi wa ugonjwa na matibabu. Tarehe lazima ilingane na ile iliyo katika kitabu cha MTUHA cha wagonjwa wa nje.

3. Msimbo wa ugonjwa. Kila utambuzi hupewa msimbo kutoka katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la kumi, I10 ni shinikizo la juu la damu lisilo na chanzo kingine, J18.9 ni kichomi ambacho kimelea chake hakikutajwa, na N39.0 ni maambukizi ya njia ya mkojo ambayo mahali pake hapakubainishwa.

4. Orodha ya huduma na bei. Kila kipimo na kila dawa huandikwa kwa jina, nguvu, idadi na bei iliyokubaliwa katika kitita cha mafao. Bei ya dukani haina nafasi hapa. Kitita hubadilika: NHIF, kwa mfano, ilianza kutumia kitita kipya tarehe 1 Machi 2024. Kituo kinachotumia orodha ya zamani hujikata chenyewe kabla ya kukatwa na mfuko.

5. Sahihi. Tabibu huandika jina, cheo na sahihi yake. Mgonjwa husaini mwisho, baada ya kupokea huduma.

6. Uwasilishaji. Fomu za mwezi hupangwa, hujumlishwa na kupelekwa kwa muda uliowekwa, iwe kwa karatasi au kwa mfumo wa kielektroniki. Mfuko huzipitia, hulipa zinazokubalika, na hutoa taarifa ya makato.

Mfano wa kujifunzia

Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya somo. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 34 anafika zahanati akiwa na kadi ya NHIF. Ana homa na kikohozi kwa siku 3. Anapumua mara 28 kwa dakika, na kifua cha kulia kinasikika mikwaruzo. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vimelea. Tabibu anatambua kichomi kisicho kikali, na anaandika amoksilini miligramu 500 mara 3 kwa siku kwa siku 5.

Matibabu yana mantiki. Lakini foleni ni ndefu, na kwenye fomu tabibu anaandika neno moja tu: "kikohozi". Dirishani, vidonge vya miligramu 500 vimekwisha. Vipo vya miligramu 250. Mtoa dawa anafanya hesabu sahihi na kumpa mgonjwa vidonge 30. Kwenye fomu anaandika: "amoksilini, 30".

Mhakiki wa madai aliyeko mbali hakumwona mwalimu huyu wala hakusikia kifua chake. Anachokiona ni dawa ya kuua bakteria iliyotolewa kwa kikohozi, dalili ambayo mara nyingi huletwa na virusi. Anaona pia agizo la miligramu 500 mara 3 kwa siku 5, ambalo kwa hesabu yake ni vidonge 15, huku dirisha likidai 30. Kwa macho yake, dawa haikustahili, na idadi imeongezwa maradufu. Analikata dai, na kwa maandishi yaliyo mbele yake hana kosa.

Fomu hiyo ingeokolewa kwa mistari miwili. Wa kwanza: "Kichomi, J18.9, pumzi 28 kwa dakika, mikwaruzo kifua cha kulia, kipimo cha malaria hasi." Wa pili: "Amoksilini mg 250, vidonge 2 mara 3 kwa siku 5 = 30." Hakuna kilichoongezwa, kilichotendeka ndicho kilichoandikwa.

Makosa yanayojirudia

Makosa mengi hayahitaji elimu kubwa kuyazuia. Yanahitaji jicho la pili. Miongoni mwake ni haya:

- namba ya kadi iliyokosewa tarakimu moja;
- tarehe ya fomu isiyolingana na kitabu;
- dalili kuandikwa mahali pa utambuzi wa ugonjwa;
- dawa isiyoendana na ugonjwa ulioandikwa;
- kipimo kudaiwa bila majibu yake kuwekwa kwenye kumbukumbu;
- nguvu ya dawa kutotajwa;
- sahihi ya tabibu au ya mgonjwa kukosekana;
- huduma ya ngazi ya juu kudaiwa na kituo kisichoruhusiwa kuitoa;
- fomu kuchelewa.

Dawa ya makosa haya ni ukaguzi wa ndani. Kila jioni, mtumishi ambaye hakujaza fomu azipitie zote na kuzilinganisha na kitabu. Fomu 6 hukaguliwa kwa dakika chache, na kumbukumbu bado mbichi. Fomu 120 zikisubiri mwisho wa mwezi, hakuna anayekumbuka kwa nini zilitolewa dawa 30 badala ya 15. Katika masika, barabara zinapojaa tope na umeme au mtandao unapokatika, kituo kilichokagua fomu zake kila siku hubaki na kazi moja tu: kuzituma.

Hesabu ya dai lililokatwa

Tuseme kituo kimewasilisha fomu 120 kwa mwezi, kila moja ikiwa na wastani wa shilingi 9,000. Jumla ni shilingi 1,080,000. Fomu 18 zikikatwa, kituo hupoteza shilingi 162,000. Kiasi hicho kinazidi michango ya mwaka mzima ya kaya 5 zilizolipa shilingi 30,000 kila moja. Nacho ni cha mwezi mmoja tu. Hasara ya namna hii haionekani kwa siku moja. Huonekana kwenye rafu, pale dawa moja inapokosekana, kisha ya pili.

Kwa hiyo taarifa ya makato isifungiwe kabatini. Isomwe na watumishi wote pamoja, kila sababu ihesabiwe, na ile inayoongoza ishughulikiwe kwanza. Pale mfuko ulipokata kimakosa, kituo kina nafasi ya kuomba dai lipitiwe upya, kikiambatisha ushahidi. Kamati ya usimamizi wa kituo nayo ielezwe, kwani wananchi ndio wanaokosa dawa.

Uadilifu

Kujifunza kujaza fomu vizuri si kujifunza kuifanya fomu iseme uongo. Kubadili ugonjwa ili dawa ikubalike, kudai kipimo kisichofanyika, au kumwandika mtu asiyefika kituoni ni udanganyifu. Madhara yake si ya kifedha pekee. Ugonjwa wa uongo hubaki kwenye kumbukumbu za mgonjwa na huweza kumpotosha tabibu wa kesho. Kanuni ni fupi: tibu kwa mujibu wa mwongozo wa taifa wa matibabu, andika ulichotenda, dai ulichoandika.

Fomu pia ni siri. Ina jina na ugonjwa wa mtu, na katika kijiji ambako watu wote wanafahamiana, fomu iliyoachwa wazi mezani yaweza kuvunja nyumba.

Haki na wajibu wa mgonjwa

Mgonjwa alete kadi yake mwenyewe na asiiazime kwa ndugu au jirani, hata kwa huruma. Damu na dawa za mtu mwingine zikiingia kwenye jina lake, hatari ni yake. Asisaini fomu tupu. Kabla ya kusaini, ana haki ya kuuliza: "Naomba nisomewe kilichoandikwa." Asiyejua kusoma ana haki hiyo hiyo. Akipewa dawa pungufu, idadi aliyopokea ndiyo iandikwe. Akiambiwa kadi haifanyi kazi, aulize sababu, kwani huenda mchango umekwisha muda au mwajiri hajauwasilisha, na kila sababu ina mahali pake pa kurekebishwa.

Hitimisho

Zahanati ya kijijini haina chumba cha makarani. Tabibu yule yule anayesikiliza kifua ndiye anayeandika msimbo, na muuguzi anayefunga kidonda ndiye anayehesabu vidonge. Mzigo huo ni wa kweli, na hauondolewi kwa lawama. Hupunguzwa kwa utaratibu mdogo unaofuatwa kila siku, ili mkulima anayefika kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu na kadi mkononi, aikute dawa rafuni.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini "kikohozi" hakitoshi kuwa utambuzi wa ugonjwa pale ilipotolewa amoksilini?
2. Agizo ni miligramu 500 mara 2 kwa siku kwa siku 7, na kituo kina vidonge vya miligramu 250. Vidonge vingapi vitolewe, na fomu iandikweje?
3. Mgonjwa aliandikiwa dawa mbili, akapata moja. Dai liwe la dawa ngapi?

Majibu: (1) Kikohozi ni dalili yenye sababu nyingi, na nyingi kati yake hazihitaji dawa hiyo. (2) Vidonge 28; iandikwe "mg 250, vidonge 2 mara 2 kwa siku 7 = 28". (3) Dawa moja, ile aliyoipokea.