Kila igizo napewa jirani

Shangazi, mimi ni mwigizaji wa vichekesho vya redio hapa Tanga, nina miaka 39. Tangu nianze napewa watu wa pembeni: jirani mmbea, mama mkwe, muuza maandazi. Watu wanacheka, hata sokoni wananiita kwa jina la mhusika, lakini usteringi wanapewa mabinti waliokuja juzi. Kipindi kikiisha wanatajwa wao, mimi naingia kwenye "na wengineo". Sasa kituo kingine kinanitaka, ila kuna mkataba nilisaini na sijui unasemaje. Mume wangu anasema niachane na mambo haya nifungue genge. Nifanyeje?

Jirani, Tanga

Mwanangu,

Genge lisubiri kwanza. Umenilalamikia mambo matatu, na naona umeyapanga kinyume. Wewe linalokuuma ni usteringi. Mimi nimeshtuka niliposoma kwamba umesaini karatasi usiyoijua.

Nikupe habari za Bea Benaderet. Huyu ni Mmarekani, alizaliwa New York mwaka 1906, akakulia San Francisco na kuanzia huko kazi ya redio. Mwaka 1936 akahamia Hollywood, na kwa miaka mingi akawa anapewa hizo hizo nafasi zako. Katika kipindi cha mchekeshaji Jack Benny alikuwa Gertrude, mmoja wa akina dada wawili wa kuunganisha simu. Benny anataka kuunganishwa, yuko kwenye laini anangoja. Akina dada nao wanamsengenya kwanza mpaka waridhike, ndipo wanakumbuka kwamba kuna mtu anasubiri. Kazi ya dakika chache tu hewani. Akitoka hapo anakwenda kwenye kipindi cha Fibber McGee and Molly kuwa Bi Carstairs, mama wa kitajiri anayejisikia. Msikilizaji wa nyumbani hakujua kwamba ni mtu yule yule.

Nafasi iliyomkaa hasa ilikuwa ya jirani. Aliitwa Blanche Morton, jirani wa wachekeshaji George Burns na Gracie Allen, redioni na baadaye kwenye televisheni kuanzia mwaka 1950. Hapa utege sikio, maana ni mambo ya ufundi. Gracie kazi yake ilikuwa kusema mambo yaliyopinduka kichwa chini kwa uso mkavu kabisa. Maneno ya namna hiyo yakikosa mtu wa kuyasikiliza kwa dhati, yanakuwa upuuzi mtupu. Blanche ndiye aliyekuwa akiyapokea, akishangaa, na mara nyingine akiburuzwa humo humo. Waigizaji wanne walipokezana kuwa mume wake. Blanche alibaki yeye mmoja mpaka kipindi kilipokoma mwaka 1958. Mwaka 1953 walimbadilisha mume katikati ya onyesho: Blanche kasimama, kitabu kiko mkononi tayari kumtwanga nacho mumewe akiingia, mara Burns anatokea, anasimamisha kila kitu, anawaeleza watazamaji kwamba mwigizaji wa zamani ameondoka, kisha anamtambulisha Larry Keating. Wakasalimiana kwa adabu zote, wakapongezana. Onyesho likaendelea, na kitabu kikamshukia mume mpya. Jaribu wewe kutoka kwenye hasira, uingie kwenye adabu, urudi kwenye hasira, na mtu asione mshono. Mabinti wa juzi hao wanaweza?

Sasa mkataba. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Bea aliigiza redioni na mchekeshaji Lucille Ball katika My Favorite Husband. Lucille alipoanzisha I Love Lucy kwenye televisheni mwaka 1951, alimtaka Bea awe Ethel, jirani yake. Bea hakuweza, kwa sababu alikwisha kufungwa na kipindi cha Burns na Allen. Nafasi ikaenda kwa Vivian Vance. Mwaka 1954 Bea aliteuliwa kuwania Tuzo ya Emmy ya mwigizaji msaidizi, na aliyeibeba ni Vivian Vance, kwa huyo huyo Ethel. Simlaumu Bea kwa kusaini. Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa nzuri. Tofauti yenu ni kwamba yeye alijua amefungwa wapi.

Halafu jina. Yule bibi wa katuni za Tweety na Sylvester, ambazo wanao wamezitazama, kwa miaka kadhaa sauti yake ilikuwa ya Bea, na jina lake halikuandikwa. Lililoandikwa ni la mwigizaji wa sauti mwenzake, Mel Blanc, kwa kuwa mkataba wa Blanc ulitaka hivyo. Kwa hiyo usidhani kutajwa jina ni fadhila ya mtangazaji. Ni kipengele kama malipo, asiyekidai hakipati.

Usteringi? Aliupata mwaka 1963, katika Petticoat Junction, akiwa Kate Bradley, mjane mwenye mabinti watatu anayeendesha hoteli kando ya reli. Alikuwa na miaka 57. Aliyemtengenezea kipindi ni Paul Henning, ambaye aliwahi kuwa mwandishi wa Burns na Allen, kwa hiyo kazi ya Bea aliijua. Hata hivyo mwaka mmoja kabla, Bea alijaribiwa kwa nafasi ya bibi katika The Beverly Hillbillies, mchezo wa Henning huyo huyo, akaikosa na kupewa ya binamu. Mwaka 1968 saratani ya mapafu ikamchukua, akiwa na miaka 62. Sikuambii basi ungoje mpaka 57. Wapo wengi waliongoja na hawakuitwa, na hao hakuna anayewaandika.

Ninachokuambia ni hiki. Ujirani usiuache, ndio mtaji wako. Hao wanaokutaka wamekusikia humo humo. Mary Khavere wa Kenya umemjua kwa jina gani kama si Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi? Lakini kabla hujawajibu, tafuta nakala ya mkataba wako. Kama huna, iombe kwa maandishi. Angalia unakwisha lini, na kama unakukataza kufanya kazi kwingine. Mpelekee mwanasheria. Na kuhusu haki zako kama msanii, nenda ukaulize ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji pia. Kwenye mkataba mpya, jina lako litajwe kila kipindi kinapoisha, na iwe imeandikwa, si kuahidiwa kwa mdomo.

Kwa mumeo, mwonyeshe hesabu ya kile ambacho kituo kipya kinataka kukulipa, aiweke kando ya hesabu ya genge. Naye ana haki ya kujua nyumba italishwa na nini. Na wale wa kituo kipya waambie utawajibu mkataba wa zamani ukishasomwa. Kama kweli wanakutaka, watasubiri wiki mbili.