Amerudi Nyuma, ama Amebaki Nyuma?
Somo: 1 Wakorintho 11:17-33, Waebrania 12:1-2



Kanisa la Korintho lilikuwa na karama nyingi, lakini mezani lilianguka. Waliokuwa nacho walikula mapema wakashiba. Maskini akifika, anapata chakula kimeisha. Paulo aliwakemea, halafu akawapa agizo rahisi sana: mkikutana kula, mngojane. Wiki hii tujifunze kungojana, na nitatumia mfano wa Mkenya mwenzetu.

Philip Boit alikuwa mkimbiaji kutoka upande wa Eldoret. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza mbio za skii, yaani kuteleza juu ya theluji na mbao nyembamba zilizofungwa miguuni. Hebu fikiria, mtu ambaye kwao hakuna theluji! Februari 1998 alisimama Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Mbio zilikuwa kilomita 10.

Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27. Boit alichukua dakika 47. Akawa nambari 92, wa mwisho kabisa. Lakini Dæhlie hakukimbilia medali yake. Sherehe ilicheleweshwa kwa sababu mshindi alikuwa bado amesimama mstarini akimngoja wa mwisho. Boit alipofika, alimkumbatia.

Tunajifunza mambo mawili.

1. Kungoja hakumpunguzii mshindi kitu. Medali ilikuwa yake tayari. Alichotoa ni dakika 20 tu za kusimama kwenye baridi.

2. Anayengojewa hupata nguvu ya kurudi. Boit alirudi Olimpiki mwaka 2002 na tena 2006. Hata mtoto wake alimwita Dæhlie. Sisemi ni kumbatio peke yake lililomrudisha, lakini mtu aliyechekwa mstarini si rahisi arudi.

Sasa tuje kwetu, Busia na Malaba. Jumapili tunasikia shuhuda za waliopata: ploti, lori, kazi ya kaunti. Tunapiga vigelegele, na ni vizuri. Lakini yuko dada ambaye nyanya zake zilioza kabla hazijavuka mpaka, na deni la chama linamngoja. Ameacha kuja, kwa sababu hana ushuhuda wa kusimama nao wala sadaka ya kushika mkononi. Sisi tunasema, "Huyo amerudi nyuma." Mbona tusiulize kwanza? Pengine hajarudi nyuma. Amebaki nyuma tu, bado anatembea, na hakuna mtu mstarini.

Wapendwa, Waebrania inatuambia tumtazame Yesu, aliyetangulia akamaliza. Yeye ameketi katika utukufu, lakini bado anatuombea sisi tulio njiani. Kama Bwana mwenyewe hajachoka kutungoja, mimi na wewe tunaharakisha kwenda wapi?

Kazi ya wiki katika vikundi vya nyumbani: Kila mmoja ataje mtu mmoja ambaye hajaonekana mwezi huu. Mwendee nyumbani. Usiulize habari ya michango, na usimhubirie. Kaa naye, mwombee, umwambie kiti chake bado kiko.

Ombi: Bwana, tusaidie tusile tukashiba huku ndugu zetu wako njiani. Katika jina la Yesu, Amina.