Kusahihisha Taarifa za Mgonjwa katika Fomu ya Kompyuta

Mtoto wa miaka miwili amefikishwa wodini akiwa na homa kali na dalili za maambukizi katika damu. Uzito wake ni kilo 12. Katika pilikapilika za mapokezi, mhudumu ameandika 21 kwenye fomu ya kompyuta, kisha akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Gentamaisini, mojawapo ya dawa zinazotumika kwa mtoto wa namna hii, hutolewa kwa kipimo cha miligramu 7.5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Kwa kilo 12, kipimo ni miligramu 90. Kwa kilo 21, ni miligramu 157.5. Dawa hii ikizidi huweza kudhuru figo na masikio, na usikivu uliopotea kwa njia hiyo kwa kawaida haurudi. Hakuna aliyekosea hesabu. Ni tarakimu mbili tu zilizobadilishana nafasi.

Makosa ya aina hii yalikuwapo tangu enzi za majalada ya karatasi. Tofauti ni kwamba jalada la karatasi hukaa mahali pamoja likimngoja msomaji, ilhali taarifa iliyohifadhiwa kwenye hifadhidata huonekana papo hapo kwa daktari, kwa mfamasia na kwa maabara. Kwa sababu hiyo, kuisahihisha ni sehemu ya tiba yenyewe, na kunastahili uangalifu uleule wa kuchoma sindano.

Yafaa kuelewa kwanza kinachotendeka mhudumu anapofungua fomu. Kile anachokiona kwenye kioo si rekodi yenyewe, bali ni nakala ya jinsi rekodi ilivyokuwa wakati ukurasa ulipofunguliwa. Nakala hiyo hubeba namba ya utambulisho wa mgonjwa, mara nyingi bila kuonekana kwa macho. Akibonyeza "Sasisha", yaliyoandikwa kwenye visanduku husafirishwa hadi kwenye seva pamoja na namba ile; seva huutafuta mstari wenye namba hiyo na kuweka thamani mpya mahali pa zile za zamani. Kompyuta haijui sura ya mgonjwa. Inajua namba tu. Ndiyo maana mhudumu aliyefungua kurasa za wagonjwa wawili kwa wakati mmoja yumo hatarini kuandika vipimo vya huyu katika rekodi ya yule, na mfumo ukapokea bila manung'uniko yoyote.

Hatari nyingine haijulikani sana, nayo huenda ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuwa haiachi dalili. Chukulia kwamba saa mbili asubuhi muuguzi anafungua fomu ya mama mjamzito ili kurekebisha namba ya simu. Kabla hajamaliza, anaitwa chumba cha kujifungulia. Saa mbili na dakika kumi, daktari katika chumba kingine anafungua rekodi hiyohiyo, anaandika kwamba mama ana mzio wa penisilini, na kuhifadhi. Saa mbili na dakika ishirini muuguzi anarudi, anakamilisha namba ya simu na kubonyeza "Sasisha". Fomu yake ni ile ya saa mbili kamili, ambamo kisanduku cha mzio ni kitupu. Ikiwa mfumo umetengenezwa kupokea fomu nzima kama ilivyo, utupu huo utaandikwa juu ya maneno ya daktari. Mzio umefutika, na kila mmoja wao anaamini, kwa haki kabisa, kwamba ametimiza wajibu wake.

Dawa ya tatizo hili ipo, na wataalamu wa kompyuta wanaifahamu. Kila rekodi hupewa namba ya toleo, au alama ya saa iliyobadilishwa mara ya mwisho. Fomu inaporejeshwa, seva hulinganisha: kama rekodi imebadilishwa tangu fomu ilipofunguliwa, hukataa kuhifadhi na kumwonyesha mhudumu mabadiliko yaliyofanywa na mwenzake. Hospitali inayonunua au kutengenezewa mfumo ina haki ya kuuliza kama kinga hii imo. Mahali ambapo haimo, utaratibu wa watu hauna budi kuziba pengo: asiyemaliza kujaza fomu aifunge, na akirudi aifungue upya. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa nusu dakika.

Utupu wenyewe unahitaji neno moja zaidi. Kisanduku kitupu cha mzio chaweza kuwa na maana tatu: mgonjwa hana mzio, mgonjwa hakuulizwa, au taarifa ilikuwapo ikafutika. Fomu njema humtaka mhudumu achague waziwazi kati ya "hana mzio unaojulikana" na "hajaulizwa", wala haimruhusu kuacha wazi. Katika takwimu za mwezi pia, sifuri na mahali patupu si kitu kimoja. Zahanati iliyoandika sifuri inasema haikupata mgonjwa wa kipindupindu. Iliyoacha patupu haijasema lolote.

Kinga zilizomo ndani ya fomu nazo zina mipaka. Mifumo mingi hukataa uzito wa kilo 210 kwa mtoto. Lakini kilo 21 ni uzito wa kawaida kabisa kwa mtoto wa miaka sita, kwa hiyo fomu inayokagua ukubwa wa namba tu ingeipitisha ile 21 iliyotajwa hapo juu. Ukaguzi wenye manufaa hulinganisha uzito na umri, na uzito wa leo na wa ziara iliyopita. Umri nao hutegemea tarehe ya kuzaliwa, na hapa pana mtego wa kale: katika nchi zetu siku hutangulia mwezi, ilhali programu zilizopangwa kwa desturi ya Marekani hutanguliza mwezi. Tarehe 03/07 ikageuka kuwa 7 Machi, mtoto anaongezewa takriban miezi minne, nayo katika ratiba ya chanjo si midogo.

Sasa, kosa limegunduliwa, lisahihishwe vipi? Desturi ya wauguzi katika vitabu vya wodi ilikuwa, na bado ni, kupiga mstari mmoja juu ya neno lililokosewa ili liendelee kusomeka, kuandika lililo sahihi, kisha kutia saini na tarehe. Hakuna aliyeruhusiwa kufuta kwa wino mweupe. Hifadhidata ya tiba yapasa kufuata desturi hiyohiyo: thamani ya zamani ibaki katika kumbukumbu ya mabadiliko, pamoja na jina la aliyebadilisha, saa na sababu. Bila hivyo, atakayechunguza kwa nini mtoto alipewa miligramu 157.5 atakuta uzito wa kilo 12 na kumlaumu daktari aliyefuata alichokisoma. Na kumbukumbu hiyo haina thamani pale wahudumu wanapotumia nywila moja kwa pamoja, jambo ambalo, ukweli usemwe, limezoeleka mno katika vituo vyenye kompyuta moja na foleni ndefu.

Kusahihisha kwenye kioo, hata hivyo, hakuyafuati makaratasi yaliyokwisha kutoka. Cheti cha dawa kilichochapishwa kwa kilo 21 bado kimo mikononi mwa mzazi, na lebo ya maabara bado imo kwenye chupa. Anayerekebisha uzito, kundi la damu au mzio hana budi kunyanyua simu, au kutembea kwa miguu, hadi kwa kila aliyekwisha kuitumia taarifa ile. Kundi la damu lina uzito wa pekee: mama mwenye Rh hasi aliyeandikwa chanya aweza kukosa sindano ya anti-D, na athari yake ikampata mtoto wa mimba ijayo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Kenya ina sheria ya mwaka 2019 yenye haki hiyo pia. Lakini njia ya haraka zaidi ni dirishani. Mhudumu anayeuliza, "Mama, mtoto alizaliwa tarehe tatu mwezi wa saba, sivyo?" atajibiwa "ndiyo" na mzazi aliyechoka, hata pale tarehe isipokuwa hiyo. Anayeuliza, "Mama, mtoto alizaliwa lini?" atapata tarehe kutoka kinywani mwa mwenye kuijua, na ataweza kuilinganisha na iliyo kwenye kioo. Mzazi naye, kabla ya kuondoka dirishani, aweza kuomba asomewe mambo manne: jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito wa leo na dawa zinazomdhuru mtoto wake.