Moto, Baridi na Ayurveda: Jinsi ya Kuanza

Baadhi ya wanafunzi, na hata wenzangu tuliomaliza zamani, wameniuliza juu ya elimu ya uganga wa Kihindi iitwayo Ayurveda: ni kitu gani, huanzwaje, na je, yamfaa mtu wa pwani? Mimi si daktari. Ni mwalimu, mzaliwa wa Mocímboa da Praia, kaskazini ya Cabo Delgado, na nilianza kuzisoma habari hizi kwa sababu nilishangaa kuona maneno ya vitabu vya Kihindi yanafanana mno na maneno ya bibi yangu.

Jina lenyewe ni maneno mawili ya Kisanskriti: ayus, yaani maisha, na veda, yaani elimu. Vitabu vyake vikubwa ni Charaka Samhita na Sushruta Samhita, na umri wao ni kama miaka elfu mbili. Vyasema kwamba ulimwengu mzima, pamoja na mwili wa mwanadamu, umefanywa kwa vitu vitano: anga, upepo, moto, maji na udongo. Ndani ya mwili mna nguvu tatu. Vata ni ya upepo, nayo huendesha kila kinachokwenda. Pitta ni ya moto, nayo hupika chakula tumboni. Kapha ni ya maji na udongo, nayo hushikamanisha viungo na kuvilainisha. Kila mtu huzaliwa na kipimo chake cha hizo tatu. Kipimo kikiharibika, mtu huugua. Na kazi ya mganga ni kukirudisha, kwanza kwa chakula na mwenendo, kisha kwa dawa.

Sasa tazama mambo ya kwetu. Sisi Wamwani, kama Waswahili wenzetu wa Mafia, Unguja na Mombasa, twagawa vyakula kwa moto na baridi, na maana si joto la chunguni. Asali ni moto hata ikinywewa baridi. Tangawizi, pilipili manga na samli vivyo hivyo. Dafu na tango ni baridi. Mwanamke aliyejifungua hufunikwa siku arobaini, hupewa uji wa pilipili manga, na maji baridi hukatazwa, kwa kuwa damu imemtoka na moto wake umepungua. Bibi yangu hakupata kuliona jina la Charaka, lakini angalikaa na mganga wa Kihindi, nadhani wangalielewana kabla chai haijapoa.

Hata hivyo, hesabu ya bibi haikutoka India moja kwa moja. Ilitoka kwa Wayunani, ikafasiriwa kwa Kiarabu, ikapangwa na matabibu kama Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, kisha ikaja pwani pamoja na dini na biashara. Hiyo yataja tabia nne, yaani moto, baridi, ukavu na umajimaji, na maji manne ya mwilini. Neno letu safura, tulitumialo kwa ugonjwa, asili yake ni jina la Kiarabu la nyongo ya manjano, mojawapo ya maji hayo manne. Kwa hiyo hizi ni elimu mbili zinazofanana, wala si moja, na anayezichanganya ovyo hupotea.

Lakini India nayo ilifika. Wafanyabiashara wa Diu, kisiwa cha pwani ya Gujarat kilichokuwa chini ya Wareno hadi mwaka 1961, waliijua njia ya Msumbiji kwa karne nyingi, na huko Ibo Wahindi walikuwa na maduka yao. Mwarobaini ni mti wa huko. Mlonge ni wa huko. Manjano tutiayo katika mchuzi ni ya huko. Basi anayetaka kuanza Ayurveda pwani hana haja ya kuagiza kifurushi kutoka ng'ambo. Nusu ya duka la mganga imeota uani kwake.

Kuanza ni wapi, basi? Vitabu vyenyewe vyaanza na mwenendo wa siku, uitwao dinacharya. Amka kabla ya jua, jambo ambalo mtu wa swala ya alfajiri halimsumbui. Safisha meno na ulimi. Jipake mafuta mwilini kabla ya kuoga: sehemu nyingi za India hutumia ya ufuta, na Kerala, kwenye minazi mingi, hutumia ya nazi; sisi tunayo yote mawili. Chakula kikubwa kiwe cha mchana, kwa kuwa wasema moto wa tumbo hufuata jua. Usile kabla chakula cha kwanza hakijashuka. Usijaze tumbo: wao hugawa tumbo mafungu manne, mawili ya chakula, moja la maji na moja la hewa, sisi tulifundishwa chuoni mafungu matatu, chakula, maji na pumzi. Hesabu ni mbalimbali, shauri ni lile lile, na wala hakuna senti inayotoka mfukoni.

Mwenendo wa majira, ritucharya, ni jambo la kuangalia zaidi. Vitabu vya India huhesabu majira sita, nayo ni ya India. Ukiyafuata herufi kwa herufi hapa kwetu, utakula vyakula vya baridi kali wakati wa jasho. Majira yetu ni ya pepo. Kaskazi ndiyo joto, na huku Cabo Delgado ndiyo mvua pia, kuanzia Desemba hadi Aprili, tofauti na Mombasa ambako mvua kubwa huja kaskazi ikiisha. Kusi huleta ubaridi na ukavu, hasa Juni na Julai. Kwa hiyo mwanafunzi wa Ayurveda apange upya: wakati wa kaskazi, matunda, madafu na vyakula vyepesi, wakati wa kusi, uji wa moto, viungo na mafuta ya ufuta mwilini.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana neno mizani hudanganya. Mwaka 1981, huko Memba na wilaya nyingine za Nampula, kusini ya mto Lúrio unaotutenga nao, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafula. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Madaktari siku hizi huuita konzo. Ulikuwa mwaka wa ukame. Watu walikula muhogo mchungu karibu peke yake, na kwa njaa hawakungoja ukauke juani siku za kutosha, sumu yake ikabaki. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa msaada wa vyakula vya kujenga mwili, kama samaki na kunde, navyo havikuwapo. Miguu ile haikupona. Je, muhogo ni moto au baridi? Swali hilo lisingaliwaokoa. Mizani iliyowapungukia ilikuwa ya samaki, kunde na siku za jua, na mtu anayejifunza habari za pitta na kapha bila kujua hayo, elimu yake ina tundu.

Jambo la pili la hatari ni chupa na vidonge. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa makusudi na madini, kama risasi na zebaki, ambayo waganga wake huamini kuwa yamesafishwa kwa moto. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, madaktari wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya Boston na kuzipima; 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Walipozipima nyingine zilizouzwa kwa njia ya intaneti, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, ilikuwa karibu moja katika kila tano. Risasi huharibu akili ya mtoto, wala haina ladha ya kukuonya. Hata mti wa uani una mpaka wake: mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Wala sisemi kwamba dawa zote za zamani ni bure. Mzizi uitwao sarpagandha ulitumiwa India tangu kale. Mwaka 1949 daktari wa Bombay, Rustom Jal Vakil, aliandika jinsi ulivyoshusha shinikizo la damu la wagonjwa wake, na mwaka 1952 wataalamu wa Uswisi wakaitoa dawa iliyomo ndani yake, reserpine, ikatumika duniani kote. Lakini angalia: ilipimwa, kipimo chake kikajulikana, na madhara yake pia, kama vile huzuni nzito kwa baadhi ya wagonjwa.

Haya nayaandika kwa sababu watu wetu wengi sasa wako mbali na hospitali. Tangu Mocímboa ishambuliwe tarehe 5 Oktoba 2017, hesabu ya vituo vya afya vilivyoharibiwa imekuwa kubwa, na wengi wamekimbilia Pemba na kwingineko, wakaacha bahari na mashamba. Palipo na upungufu, muuza vidonge hafiki nyuma. Mtoto akipata homa, huambiwa moto umempanda, apewe vya baridi. Mpe maji, ndiyo, na mfute kwa kitambaa; lakini atobolewe kidole apimwe malaria, na akiwa nayo aanze dawa siku ile ile, maana malaria humwua mtoto mdogo kwa siku chache. Mgonjwa wa kisukari aweza kufuata mwenendo wote nilioutaja, isipokuwa asiache sindano yake kwa ahadi ya mtu yeyote. Mwenye mimba asinywe mizizi asiyoijua.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii: achague mambo mawili tu, kwa mfano kulala mapema na kula chakula kikubwa mchana, ayaandike katika daftari kwa siku thelathini pamoja na usingizi wake na hali ya tumbo. Akitaka kununua dawa ya chupa, amwulize muuzaji imetengenezwa na nani, ina nini ndani, na ni nani aliyeipima; naye asipojibu, airudishe rafuni.